Kichwa kisichoachia kwa mtu mwenye VVU: jinsi ya kuitambua homa ya uti wa mgongo ya fangasi na inavyotibiwa

Hii nawaandikia hasa wanaouguza, yaani mke, kaka, shangazi, binti wa nyumba ya pili, yule anayelala na mgonjwa chumba kimoja na ndiye anayejua kwamba juzi alitapika mara mbili na jana hakumtambua mwanae. Daktari anamuona mgonjwa dakika chache, wewe unamuona usiku kucha, na kwenye ugonjwa huu kila siku inayopita ina uzito wake.

Ile homa ya uti wa mgongo tuliyozoea kuisikia, ya bakteria, inakuja kwa kasi, asubuhi mtu mzima, jioni shingo imekakamaa na mwili unachemka. Hii ya fangasi haina haraka. Kichwa kinaanza kuuma kidogo, anameza panadol kinatulia, kesho kinarudi, baada ya siku kadhaa panadol haifui dafu, anaenda duka la dawa anapewa diklofenaki, inasaidia nusu siku, hivyo hivyo wiki ya kwanza inaisha na ya pili inaisha, mtu anakonda lakini anatembea na kazini anaenda, watu wanasema ana mawazo huyo. Mpaka siku anaanza kuongea vitu visivyoeleweka au anapata degedege ndo familia inakodi gari ya kumkimbiza hospitali, na hapo nafasi ya kupona ishapungua sana. Asiyetibiwa kabisa anakufa, karibu wote, sina namna ya kulilainisha hilo.

Anayesababisha ni fangasi wa jamii ya hamira, jina lake la kitaalamu Cryptococcus neoformans, wodini wanamwita kripto tu. Anaishi kwenye udongo, kwenye kinyesi cha ndege hasa njiwa, kwenye miti iliyooza. Tunamvuta na vumbi bila kujua, wengi wetu tulishakutana naye tukiwa wadogo na mwili ukamfungia mapafuni tukaendelea na maisha. Kinga ikianguka anatoka huko, anaingia kwenye damu na kufika kwenye utando unaouzunguka ubongo, na pale anazaliana kwenye yale maji ya ubongo na uti wa mgongo. Hauambukizwi kwa kukohoa, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja wala kumuogesha mgonjwa, kwahiyo msimtenge.

Anayepata ni nani

Kwa sehemu zetu ni mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani zile chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zimeshuka chini ya 200, na zikiwa chini ya 100 ndo hatari yenyewe. Wapo pia wachache wasio na VVU, mfano aliyepandikizwa figo au anayetumia dawa za steroidi muda mrefu, na mara mojamoja hata mtu ambaye hana tatizo lolote linalojulikana. Lakini makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wenye VVU kama 152,000 duniani na vifo kama 112,000, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara, na hiyo ni karibu kifo kimoja katika kila vitano vinavyotokana na UKIMWI. Halafu ugonjwa wenyewe ukimtajia mtu mtaani hajawahi kuusikia.

Na usidhani ni wale tu ambao hawajapima. Wengi wanaoletwa siku hizi walishaanza ARV zamani, wakaacha. Mtu kahama mkoa kwa ajili ya kazi, kaona aibu kwenda kituo kipya, au kaambiwa kapona kwa maombi, au kaolewa na hajamwambia mume, na vidonge vikaisha kimyakimya. Kwahiyo ukimuuliza mgonjwa usimuulize "una VVU?" tu, muulize taratibu mkiwa wawili, "dawa mara ya mwisho umemeza lini?" na usimgombeze kwa jibu atakalokupa, maana ukimgombeza leo kesho atamdanganya na daktari.

Dalili za kuzishika

Kichwa ndo cha kwanza na ndo kikubwa. Kinauma siku nyingi, kinazidi badala ya kupungua, mara nyingi kibaya zaidi alfajiri au akilala chali, dawa za maumivu zinakigusa tu. Homa inaweza kuwepo au isiwepo, na ikiwepo mara nyingi ni ndogo. Kutapika. Macho kuona ukungu, au kuona vitu viwili viwili, au jicho moja kuangalia pembeni, hii ukiiona ujue maji yamebana kichwani na inabidi muende leo hiyo hiyo. Mwanga unamuumiza, anajifunika shuka usoni mchana. Wengine masikio yanapungua kusikia.

Shingo kukakamaa wengi wanaisubiri kama ndo ushahidi, sasa kwa kripto wagonjwa wengi hawana shingo iliyokakamaa kabisa, kwahiyo mtu akikuambia "mbona shingo anakunja vizuri, sio uti wa mgongo huo" usikubali kurudi nyumbani kwa sababu hiyo.

Na kuna ile ya tabia kubadilika. Mtu mpole anakuwa mkali, anasahau njia ya nyumbani, anavua nguo mbele za watu, anaongea na asiyeonekana. Hapa ndo tunapoteza wiki nzima, wengine wanasema malaria imepanda kichwani, wengine kalogwa, wengine mapepo, anazungushwa kwa mganga na kwenye mikesha. Siwakatazi watu kuomba, ombeni, lakini ombeni mkiwa wodini na dripu ikiwa imetundikwa.

Malaria na taifodi nazo zinapimwa na zinaweza kuwepo kweli, ila mtu mwenye VVU ambaye kamaliza dozi ya mseto na kichwa bado kinamuuma hatakiwi kuanzishiwa dozi nyingine ya mseto. Anatakiwa kipimo cha kripto.

Kipimo chenyewe

Kinaitwa CrAg, litaje hivyo hivyo herufi kwa herufi ukifika: "naomba apimwe CrAg, ana VVU na kichwa kimemuuma wiki mbili." Sentensi hiyo inafungua milango kuliko kusema "anaumwa kichwa." Wanachukua damu, wanaweka tone kwenye kichupa, wanatumbukiza kijiti kama kile cha kupimia mimba, na baada ya dakika 10 wanasoma, mistari miwili maana yake yupo. Kijiti hicho hakihitaji maabara kubwa na ni sahihi sana. Zamani walikuwa wanategemea hadubini na wino mweusi, wanachanganya maji ya mgongo na wino halafu wanatafuta fangasi anayeonekana kama duara jeupe lenye ukingo mnene, njia hiyo bado inatumika ila inawakosa wagonjwa, hasa ambao fangasi bado ni wachache, kwahiyo wino ukisema hakuna na CrAg haijapimwa, hamjamaliza.

Kituo chenu kama hakina CrAg, ombeni rufaa mapema. Msilazwe siku nne mkisubiri reagenti, yaani vifaa vya kupimia.

CrAg ya damu ikisoma ndiyo, hatua inayofuata ni kutoa maji ya mgongo. Wengi wakifika hapo wanakimbia.

Sindano ya mgongo

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hii sindano ina sifa mbaya mitaani ambayo haistahili. Kila mtaa una mtu anayesema "fulani alichomwa mgongo, kesho yake akafa." Huyo fulani alifika akiwa amechelewa, ugonjwa ndo uliomuua, sindano ikabeba lawama. Na wengine wanasema inalemaza. Uti wa mgongo wenyewe unaishia juu, karibu na pale mbavu za mwisho zinapoishia, na sindano inaingia chini ya hapo, usawa wa mifupa ya nyonga, mahali ambapo kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea na kusogea pembeni.

Inavyokuwa ni hivi. Mgonjwa analala ubavu pembeni kabisa ya kitanda, anakunja magoti mpaka tumboni na kidevu kifuani ili mgongo upinde na mifupa iachane, na hapa wewe ndugu unaweza kusaidia kumshikilia na kumwongelesha ili asijinyooshe ghafla. Daktari anapapasa mfupa wa nyonga, anatafuta nafasi, anasafisha, anapiga ganzi, halafu anaingiza sindano ndefu nyembamba. Maji yakianza kutoka anaunganisha mrija uliosimama wima, na hapo utayaona maji yanapanda kwenye mrija. Kwa mtu mzima wa afya yanasimama chini ya sentimita 20. Kwenye kripto yanaweza kufika 40 na kuzidi, mrija unajaa mpaka yanamwagika juu. Pasipokuwa na mrija maalum wengine wanatumia mpira wa dripu na rula, inatosha, cha msingi presha ya maji hayo ipimwe na iandikwe kwenye faili, uliza namba.

Presha inapanda kwa sababu fangasi na ute wake wanaziba njia ambazo maji hayo huwa yanarudi kwenye damu, ubongo unaendelea kuyatengeneza na pa kwenda hayana. Ndo maana kichwa kinapasuka, ndo maana macho yanakwenda, na hicho ndicho kinachoua wengi siku za mwanzo kabla hata dawa hazijafanya kazi. Kwahiyo presha ikisoma 25 au zaidi daktari anayatoa mpaka ishuke chini ya 20 au ibaki nusu ya ilivyokuwa, ni mililita 20 hivi mpaka 30. Mgonjwa aliyeingia anagumia anaweza kuinuka pale pale anasema "afadhali" na jioni akaomba uji. Hakuna panadol wala tramadoli inayofanya hivyo.

Kwahiyo sindano hii ni kipimo na ni tiba pia, na haichomwi mara moja ikaisha. Presha ikirudi inachomwa tena kesho, na keshokutwa, kila siku mpaka itulie. Utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini ulikuta waliotolewa maji angalau mara moja zaidi baada ya ile sindano ya kwanza walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 69 katika siku za mwanzo. Sasa familia ikikataa ya pili kwa kuwa "mmeshamchoma jana" inakataa kitu kilichokuwa kinamshikilia mtu wao. Kama kuna hofu muulizeni daktari wazi, "presha jana ilikuwa ngapi, leo tunatarajia ngapi?" atawajibu.

Kuna wakati sindano inaahirishwa kweli, mfano mgonjwa kapooza upande mmoja, hapo anaweza kutakiwa CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, kwanza kuangalia kama kuna uvimbe. Dawa za kripto hazitakiwi kusubiri hiyo CT kama CrAg ya damu imeshasema ndiyo na dalili zipo.

Dawa

Dozi nazitaja ili ujue ndugu yako anapewa nini na uweze kuuliza, sio ukanunue uanze mwenyewe, hizi ni dawa za wodini na zinahitaji damu kupimwa.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa tatu kwa pamoja. Ya kwanza amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, inatundikwa mara moja tu, siku ya kwanza. Ni ya njano, vichupa vya miligramu 50, kwahiyo mtu wa kilo 60 anatumia vichupa 12, na inachanganywa na dripu ya glukosi asilimia 5, ile ya chumvi inaiharibu. Ya pili flusitosini, vidonge, miligramu 100 kwa kilo kwa siku zikigawanywa mara nne, huyo huyo wa kilo 60 anameza vidonge vitatu vya miligramu 500 kila baada ya saa sita kwa siku 14. Ya tatu flukonazo miligramu 1200 kila siku kwa hizo hizo siku 14, yaani vidonge sita vya 200. Watoto wana hesabu yao.

Mpango huu ulitokana na utafiti wa wagonjwa zaidi ya 800 Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, waliopewa dozi hii moja kubwa walipona sawa na wa dripu za kila siku za wiki nzima, na madhara yakawa machache. Kabla yake kulikuwa na utafiti mwingine uliotoka 2018, Tanzania ikiwemo pamoja na Malawi, Zambia na Cameroon, ndo ulioonyesha wazi kwamba flusitosini ni bora kuliko flukonazo kama mwenza wa amfoterisini. Inaniuma kusema kwamba flusitosini ni dawa ya miaka mingi sana na nchi nyingi za Afrika, penye wagonjwa wengi kuliko popote, zilikaa bila kuwa nayo. Kwahiyo ukiwa wodini uliza kwa adabu, "flusitosini ipo?" Ikiwa haipo uliza kama hospitali ya rufaa wanayo, maana kumtibu mtu kwa flukonazo peke yake ni bora kuliko kukosa kabisa lakini ni dhaifu, wengi hawavuki.

Kazi yako pale kitandani ni ile saa sita. Flusitosini ya saa sita usiku ndo inayosahaulika, weka alamu kwenye simu. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza mwambie nesi, usinyamaze ukidhani zimeshaingia. Kama hajitambui wataweka mpira wa puani na vidonge vitasagwa vipite humo.

Amfoterisini inaweza kuleta baridi kali na kutetemeka wakati inaingia, ita nesi. Inasumbua figo na kushusha potasiamu na damu, ndo maana wanatanguliza dripu ya chumvi yenye potasiamu na kumpima figo na damu mara kwa mara. Flusitosini nayo inashusha chembe za damu. Mkojo ukipungua sana sema. Mwanamke mwenye mimba aseme mapema kwa sababu ya flukonazo, na anayetumia dawa za TB aseme pia, rifampisini inaipunguzia nguvu flukonazo.

Kitu kingine, deksamethasoni. Watu wanaipenda kwa kuwa inatuliza uvimbe, na kwenye homa nyingine za uti wa mgongo inatumika. Kwa kripto ilijaribiwa nchi sita za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo, ikabidi jaribio lisimamishwe kabla ya wakati kwa sababu waliopewa walipata madhara na ulemavu zaidi, matokeo yakatoka 2016. Kwahiyo haitumiki kama tiba ya kawaida ya kripto.

ARV zisubiri kwanza

Hili linawachanganya wengi maana tumefundishwa ukipima leo unaanza leo. Kwa mwenye kripto kwenye ubongo ARV zinaanzishwa baada ya wiki 4 mpaka 6 za dawa za fangasi. Kinga ikiamshwa mapema inamvamia fangasi aliyejaa kichwani, mapambano yanatokea ndani ya fuvu na mgonjwa anazidiwa. Uganda na Afrika Kusini walilinganisha, matokeo ya 2014, walioanza ARV wiki moja au mbili baada ya kugundulika, asilimia 45 walikufa ndani ya miezi sita, waliosubiri wiki kama tano walikufa asilimia 30. Kwahiyo daktari akisema subiri, hajamsahau mtu wako. Aliyekuwa tayari kwenye ARV asiache wala kubadili mwenyewe, hilo ni la daktari.

Na hata akizianza kwa wakati, kichwa kinaweza kurudi wiki au miezi baadaye kwa sababu hiyo hiyo ya kinga kuamka. Hapo arudi hospitali presha ipimwe upya, asiache ARV.

Mkirudi nyumbani

Baada ya zile wiki mbili anaendelea na flukonazo miligramu 800 kila siku kwa wiki 8, halafu 200 kila siku kwa muda mrefu, angalau mwaka, mpaka CD4 zipande juu ya 100 na virusi viwe vimefubaa, na anayeizuia ni kliniki sio yeye. Ikiwa wingi wa virusi haupimiki kwenu wanasubiri CD4 zivuke 200. Watu wanaacha hapa, mtu kanenepa, karudi kwenye biashara, kidonge kimoja cha flukonazo anakiona hakina maana, na miezi mitatu mbele kichwa kinaanza tena. Weka flukonazo kwenye mfuko mmoja na ARV ili zimezwe pamoja. Msishtuke pia CrAg ikiendelea kusoma ndiyo kwa miezi mingi, inabaki kwenye damu hata fangasi wakiwa wamekufa, haitumiki kuangalia kama mtu kapona.

Kuhusu njiwa, hamna haja ya kuwachinja wote, fangasi yupo hata pasipo na njiwa. Mwenye CD4 za chini asifagie banda lao tu, mwingine afanye, na amwagie maji kwanza vumbi lisiruke.

Kuikamata kabla kichwa hakijaanza

CrAg inaonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya dalili. Ndo maana kila anayeanza ARV, au anayerudi baada ya kuacha, anatakiwa kupimwa CD4, na zikiwa chini ya 100, hata chini ya 200, apimwe CrAg siku hiyo hiyo kwa damu ile ile. Siku hizi kliniki nyingi zimehamia kwenye wingi wa virusi na CD4 imeachwa nyuma, kwahiyo iombe mwenyewe kwenye CTC yako, ile kliniki unapochukulia ARV, "naomba CD4, na kama ni chache naomba CrAg." Dar es Salaam na Lusaka walijaribu hivyo kwa watu karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200, wakawapima CrAg na kuwatembelea nyumbani wiki za mwanzo, vifo vikapungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida.

CrAg ikisoma ndiyo na mtu hana hata kichwa kuuma, bado ashauriwe kutolewa maji ya mgongo, maana wengine fangasi wameshafika huko bila kelele. Maji yakiwa safi anapewa flukonazo 800 mpaka 1200 kwa wiki mbili, kisha 800 kwa wiki nane, kisha 200, vidonge tu, anatibiwa akitokea nyumbani. Na kwenye wiki hizo kichwa kikianza kuuma hata kidogo asisubiri tarehe ya kliniki, aende na karatasi ya majibu yake mkononi aonyeshe pale mapokezi.